Jumamosi Kumi na Moja

"Hiki cha pili ndicho, Bosi. Weka hiki tumalize."

"Machuki, hata hujaangalia cha tatu."

"Nimekiangalia. Kina maandishi mengi. Hiki cha pili kinaweka uso wangu juu kabisa, halafu picha zinafuata. Mtu akifungua huko Uholanzi, wa kwanza kumwona ni mimi. Kwani si ndiyo maana yake?"

Bosibori alicheka, akamgonga begani kwa penseli. "Nyumba ya sanaa inataka kuona kazi zako, si ndevu zako."

"Ndevu ndizo zilizofanya hizo kazi!"

Kwenye meza ya pili Risper aliacha kupiga chapa ratiba ya mazishi, akageuka. "Yawa! Ningekuwa na mchumba mwenye uso huo, ningeuweka nyuma ya picha, si juu."

Wakacheka wote watatu. Kilikuwa kicheko cha mwisho walichocheka pamoja, ila siku hiyo nani angejua?

Ilikuwa Agosti ya 1999, katika ofisi ndogo ya Bosibori nyuma ya posta ya Homa Bay. Alikuwa na kompyuta mbili, skana moja, na simu iliyokohoa kama mzee mwenye pumu kila alipotaka kuingia kwenye mtandao. Watu walikuja kuchapiwa barua na ratiba za mazishi, na mazishi hayakukosekana. Tovuti walikuwa wakiisoma gazetini tu. Lakini Bosibori alikuwa amejifundisha, akanunua Nairobi sahani ya CD yenye violezo, yaani kurasa zilizokwisha kukatwa kama nguo ya dukani, kazi yako ni kuingiza mwili. Cha kwanza kilikuwa cheusi chenye vipicha vidogo vidogo. Cha pili ndicho hicho cha uso juu. Cha tatu kilikuwa cheupe, picha moja moja, na chini yake jina la picha, mahali na tarehe.

Mwili wa kuingizwa ulikuwa picha kumi na nne za Machuki.

Mimi naweza kukuambia waziwazi: Bosibori hakumpenda Machuki kwanza. Alipenda picha. Machuki alikuwa mwandishi wa vibao vya maduka kule Migori, Mkisii mwenzake, Msabato mwenzake, kijana mpole mwenye rangi kwenye kucha. Siku moja mwaka uliotangulia alikuja kupiga fotokopi, na ndani ya bahasha yake mkawa na mchoro wa mkaa na udongo mwekundu: mama wa machimbo ya Macalder ameinama juu ya karai anaosha dhahabu, na mgongo wake unasema yote. Bosibori aliutazama mpaka machozi yakamlenga. Akamtazama na aliyeushika. Mapenzi yakaanza hapo.

Sasa harusi ilikuwa tarehe kumi na mbili Desemba, imeshatangazwa kanisani. Baba yake Bosibori, Mzee Barnabas, ni mzee wa kanisa, na mzee wa kanisa akishatangaza jambo mbele ya waumini, kulirudisha si mchezo.

"Haya, bwana harusi," Bosibori alisema. "Niachie mimi. Hao wazungu wameandika wanataka tarehe za kazi zote, na wewe umeziandika nyuma ya kila picha. Nitajaribu cha tatu, kisha utaona."

"Weka unachotaka," Machuki akasema akiinuka. "Ila uso wangu usiusahau."

Akaenda zake Migori.

*

Kesho yake, Jumatano, Bosibori alianza kujaza. Kile kiolezo cha tatu kilikuwa na ujanja wake: ukiandika tarehe, chenyewe kinaongeza siku ya wiki. Aligeuza picha ya kwanza, akasoma nyuma: 14 Novemba 1998, Macalder. Akaandika. Kompyuta ikaongeza: Jumamosi.

Ya pili, 5 Desemba 1998. Jumamosi.

Ya tatu, 9 Januari 1999. Jumamosi.

"Risper, hebu njoo. Hii kitu imeharibika."

Risper akaja, akainama. "Imeharibika wapi?"

"Inaweka Jumamosi kila mahali."

"Weka tarehe ya leo tuone."

Bosibori akaandika tarehe ya siku ile. Ikaja Jumatano. Akaandika siku aliyozaliwa mdogo wake. Jumatatu, sawasawa kabisa. Mashine ilikuwa nzima.

"Si nyinyi Wasabato Jumamosi hamwashi hata kiberiti?" Risper aliuliza. "Wewe mwenyewe Ijumaa jua likizama unaacha barua ya mtu katikati ya sentensi. Huyu anachora saa ngapi?"

"Labda amekosea kuandika."

"Mara ngapi?"

Bosibori aligeuza picha iliyofuata. Alijaza zote kumi na nne. Jumamosi kumi na moja. Lakini iliyomkata maini ilikuwa ya saba: 13 Februari 1999.

Siku hiyo aliikumbuka vizuri. Machuki alikuwa amekaa benchi la pili kanisani, hapa hapa Homa Bay. Baada ya ibada alikwenda kwa Mzee Barnabas kwa mara ya kwanza, akala chakula kilichopikwa tangu Ijumaa, akasifu mboga iliyolala, akasubiri mpaka jua lizame ndipo amkabidhi Bosibori kadi ya wapendanao, kwa kuwa kutoa zawadi ya mapenzi saa za Sabato aliona si adabu. Kutwa nzima alikuwa mbele ya macho yake. Sasa hii picha alichorewa na malaika?

Akapiga simu kwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Migori, ambako Machuki alipokea simu zake. Alingoja akisikia wateja wakiulizia misumari, mpaka sauti yake ikaja.

"Bosi! Umemaliza?"

"Machuki, picha ya yule mama anayevuta kiko. Uliichora lini?"

"Si nimeandika nyuma?"

"Umeandika 13 Februari. Siku hiyo ulikuwa kwetu."

Kwa mbali nyundo iligonga bati.

"Hizo tarehe ni za kukisia," alisema hatimaye. "Mchoraji hakai na kalenda."

"Kumi na moja zote zimekisia Jumamosi?"

"Jumamosi? Nani amesema Jumamosi?"

"Kompyuta."

"Basi hicho kiolezo ni kibaya! Ndiyo maana nilikuambia weka cha pili. Bosibori, sikiliza, achana na tarehe. Wewe ni mke wangu mtarajiwa au ni polisi?"

Akakata. Bosibori akabaki ameshika simu inayolia tuu, tuu.

"Njia ya mwongo ni fupi," Risper alisema polepole. "Na hii inaishia Macalder. Nenda, mimi nitashika ofisi."

*

Alhamisi saa tano Bosibori alikuwa Macalder, anapita katikati ya vifusi vya udongo na mashimo yasiyo na uzio, bahasha kwapani. Mahali pa kuoshea, wanawake walikuwa wameinama juu ya makarai. Alitoa ile picha ya mama mwenye kiko. Kabla hajauliza neno, bibi mmoja akaruka.

"Huyo ni mimi! Tazameni, ni mimi na kiko changu! Nani amekupa kazi ya Pauline?"

"Pauline ni nani?"

"Si huyu Mkuria wetu, mke wa Machuki. Ule mlango wa bati, pale."

Mke wa Machuki. Bosibori alisikia masikio yakiziba. Alitembea hadi kwenye mlango ule, hata leo hajui kwa miguu ya nani.

"Hodi."

"Karibu. Kama ni dhahabu, leo sina."

"Sikuja kwa dhahabu. Nimetoka Homa Bay."

Mwanamke aliyekuwa amekaa kwenye kigoda aliinua uso. Alikuwa wa rika lake, mwembamba, rozari shingoni, na macho makubwa yaliyochangamka ghafla.

"Wewe ndiye dada wa kompyuta! Machuki aliniambia kuna dada anatengeneza ukurasa wangu. Ee, umekuja mpaka huku? Kaa, kaa, dada yangu. Mimi ni Pauline Maroa. Kwetu ni Kehancha."

"Ukurasa wako," Bosibori alirudia.

"Wa picha zangu. Nilimpa zote kumi na nne. Ngoja nikupe chai."

Alimimina. Na hapo ndipo Bosibori alipoona mikono. Ilikuwa inatetemeka yote miwili, kuanzia kwenye viwiko, birika likigonga kikombe ka-ka-ka-ka. Kikombe chenyewe hakukijaza, alikiachia nusu, kama mtu aliyezoea kumwaga.

"Imekuwa hivyo tangu lini?"

"Tangu masika. Si unajua hii kazi? Dhahabu tunaikusanya kwa zebaki, kisha unaichoma jikoni zebaki itoke. Moshi wake nimeuvuta humu ndani miaka minne. Muuguzi anasema ndio huo. Machuki anasema ni malaria, itapita." Alitabasamu, akaficha mikono ndani ya leso. "Picha ya mwisho niliichora Mei. Angalia mistari yake vizuri, utaona inayumba."

Bosibori alikuwa ameiona. Alipoikuza kwenye skrini alikuwa amesema moyoni, jamani Machuki wangu, hata mstari wake unatetemeka kwa huruma.

"Pauline, kwa nini nyingi ni za Jumamosi?"

"Loo, kompyuta inajua hata hiyo?" Alicheka, kisha kicheko kikafifia. "Siku nyingine nina kazi. Jumamosi Machuki hayupo. Huondoka Ijumaa kwenda Homa Bay kuandika vibao, anasema matajiri wa huko wanamtaka Jumamosi. Nikikaa bure nitawaza, na nikiwaza nitalia. Kwa hiyo nachora mpaka siku ipite."

Bosibori aliweka kikombe chini. Alitoa karatasi tatu alizokuwa amechapisha, akazipanga kwenye mkeka, kwa sababu alihitaji kufanya kitu chochote kisichokuwa kupiga mayowe.

"Chagua. Kuna violezo vitatu."

Pauline alivitazama kwa muda mrefu, kichwa upande. "Hiki cheusi kinazibana picha, zitakosa pumzi. Hiki kina nafasi ya uso, mimi uso wangu wa nini? Hiki cheupe. Kina tarehe. Nilipokuwa shule Asumbi kuna sista alikuwa akitufundisha kuchora, alisema picha isiyo na tarehe ni yatima. Hiki, dada. Na hapa juu ndipo jina langu litakapokaa?"

Bosibori alijaribu kusema ndiyo. Badala ya neno yakatoka machozi.

"Dada, mbona unalia?"

"Ni moshi."

"Leo sijachoma kitu." Pauline alimtazama. Taratibu uso wake ukabadilika. "Wewe Jumamosi huwa wapi?"

"Kanisani."

"Na nani?"

Nje yule bibi wa kiko alikuwa akiwasimulia wenzake habari za picha yake kwa sauti ya furaha.

"Basi Jumamosi yake ni wewe," Pauline alisema.

"Tunafunga ndoa Desemba. Sikujua, Pauline. Naapa mbele ya Mungu, sikujua. Aliniambia picha ni zake."

"Zake?"

"Kazi ya mikono yake."

Pauline aliitoa mikono kwenye leso, akaitazama ikitetemeka mapajani. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Kunywa chai yako," alisema. "Mimi sipigani na mgeni. Miaka mitatu ameninunulia karatasi, nikadhani ni mapenzi. Mwanamume ukimtaka, bakia naye. Lakini jina langu usimpe. Hii mikono haitachora tena, dada. Hizo kumi na nne ndizo nilizozaa."

*

Ijumaa saa kumi na mbili na nusu jioni Machuki aliingia ofisini na begi lake la Sabato, Biblia na shati jeupe ndani yake. Risper alikuwa bado yupo. Aliambiwa aende nyumbani akakataa katakata.

"Mbona mmenuna? Nani amekufa?"

"Kaa," Bosibori alisema. Alimsogezea karatasi nyeupe na penseli. "Nichoree mkono wangu."

"Mkono?"

"Huu hapa, juu ya meza. Wewe si mchoraji? Nataka tuuweke kwenye ukurasa."

Machuki alilamba midomo, akatupa jicho mlangoni. "Bosi, jua limezama. Sabato imeingia. Siwezi kushika penseli, unajua."

Risper alivuta pazia likaachia ndoano mbili. "Haya njoo uone! Jua lile pale juu ya ziwa, linakutazama. Una robo saa nzima."

Machuki alishika penseli. Ni mtu aliyezoea kukata herufi kwenye karatasi ngumu na kupitisha brashi juu yake. Bila kile kipande cha karatasi hakuwa na kitu. Alichora, akafuta, akachora. Jasho likamtoka. Alipomaliza, mkono wa Bosibori ulikuwa na vidole vitano vilivyosimama kama meno ya uma.

Hakuna aliyecheka, hata Risper.

"Nimetoka Macalder," Bosibori alisema. "Pauline amenipa chai."

Penseli ilianguka.

"Bosibori, nisikilize."

"Nakusikiliza. Jua bado."

"Siku ile ya kwanza nilikuwa nampigia fotokopi. Yeye ndiye aliyenituma. Ukaitoa ile picha, ukalia, ukaniuliza, 'Umechora wewe?' Hakuna mtu aliyewahi kunitazama hivyo tangu nizaliwe. Mimi ni mtu wa kuandika 'Hoteli' na 'Kinyozi'. Ningesema hapana, ungenitazama tena?"

"Hatutajua kamwe. Hukunipa nafasi."

"Nakupenda. Haki ya Mungu nakupenda."

"Na yeye? Miaka mitatu!"

"Yeye... yeye ananihitaji."

"Anakuhitaji, ukamwambia zebaki ni malaria! Ulijua mikono imekufa, Machuki. Ulijua hatachora nyingine ya kukuumbua. Ukazibeba zote kumi na nne ukaniletea mimi nikuwekee uso juu yake. Mimi! Kwa mikono yangu!" Aliisukuma ile karatasi kando. "Nilikuombea kila Sabato. Kumbe kila nilipofumba macho pembeni yako, kuna mtu Macalder anachora ili asilie."

Machuki alipiga magoti. "Harusi imetangazwa. Baba yako ataaibika. Sote tutaaibika. Weka jina lake, sawa, weka, lakini mimi usiniache."

"Simama, sakafu ni chafu."

"Sema utanisamehe."

"Ningeweza kusamehe mwanamke mwingine. Nimekaa naye, nimemwona, hata mimi ningempenda. Lakini ulimwibia kitu cha mwisho alichokuwa nacho ukaja kuniposea nacho. Hicho siwezi kukila, Machuki. Kitanikwama."

Dirishani jua liligusa maji, likaingia. Bosibori alizima kompyuta, kama kila Ijumaa.

"Sasa Sabato imeingia kweli," alisema. "Nenda."

Alichukua begi lake akatoka. Risper alifunga mlango kwa komeo, kisha akamkumbatia rafiki yake mpaka kigiza kikawajia wote wawili.

*

Mzee Barnabas alisikia habari Jumapili. Alisema yeye mwenyewe ndiye aliyetangaza na yeye mwenyewe ndiye atakayesimama kutangaza kwamba hakuna ndoa. Alifanya hivyo Sabato iliyofuata, na waliotaka kunong'ona wakanong'ona. Machuki hakuonekana tena Homa Bay. Macalder nako alikwenda mara moja, akakuta mlango wa bati umefungwa kwa ndani.

Ukurasa ulikwenda hewani mwezi Septemba, mweupe, picha moja moja, tarehe chini, na juu: Pauline Maroa, Macalder.

Desemba tarehe kumi na mbili Bosibori hakutaka kukaa mjini kukutana na macho ya watu. Alikwenda Macalder na karatasi aliyoichapisha asubuhi. Alimkuta Pauline kitandani, amekonda zaidi. Siku hizi kikombe alinyweshwa na yule bibi wa kiko.

"Wale wa Uholanzi wameandika," Bosibori alisema. "Picha zako zitatundikwa Aprili. Zote. Jina lako litakuwa mlangoni."

Pauline alifumba macho. "Soma tena hapo pa jina."

Akasoma tena. Akasoma mara ya tatu.

"Wanauliza pia kama una mpya. Wanaomba tatu tu."

Pauline alinyoosha mkono kuelekea kipande cha mkaa kilichokuwa kando ya jiko. Ulitetemeka hewani, ukakipita, ukarudi, ukakipita tena. Bosibori alitaka kumshikia, akajizuia. Mwishowe Pauline aliurudisha mkono juu ya blanketi.

"Leo ni tarehe ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Si ndiyo ingekuwa..."

"Ndiyo. Ndiyo leo."

"Pole, dada yangu."

"Pole na wewe."

Walikaa. Nje wanawake walikuwa wakitwanga mawe ya dhahabu.

"Waandikie hakuna mpya," Pauline alisema. "Waambie hizo kumi na nne ndizo zote."

"Niwaeleze sababu?"

"Usiwaeleze. Weka tarehe tu."